Daftari la nyimbo za karaoke lisiwe la rika moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na waendeshaji wenzangu wa karaoke, na kupitia kwao niwafikie wenye kumbi na wote wanaotualika kwenye sherehe za familia, kuhusu jambo ambalo kwa miaka mingi nimeliona likiwanyima watu furaha bila mtu yeyote kukusudia. Hazina zetu za nyimbo ni finyu. Sisemi kwamba nyimbo ni chache, maana mashine ya mwendeshaji wa kawaida siku hizi hubeba maelfu kwa maelfu. Nasema hazina ni finyu kwa sababu nyimbo tunazozijua kweli, tunazowapendekezea wageni na tunazozipiga ukumbi unapopoa, karibu zote ni za rika letu sisi tunaoshika maiki.

Kilichonifungua macho ni jioni moja ambayo watoto na wajukuu walikuwa wakisherehekea miaka ya ndoa ya wazazi wao. Mzee mmoja alikabidhiwa daftari la nyimbo, akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye safu ya majina ya waimbaji ukurasa baada ya ukurasa, kisha akalifunga taratibu na kuliwekea mkono juu. Nilipomsogelea kumuuliza kama nimsaidie, alinijibu kwa upole, "Mwanangu, humu siwaoni watu ninaowafahamu." Akaniimbia sikioni mstari mmoja wa kiitikio. Sikuutambua, nikamwambia wimbo huo sina. Siku ya pili yake, nikiwa nyumbani na mstari ule bado unanizunguka kichwani, niliutafuta nikaukuta ndani ya mashine yangu mwenyewe, umo tangu siku nilipoinunua, umeorodheshwa kwa jina la bendi ambalo mzee yule hakulikumbuka na mimi sikuwahi kulisikia. Wimbo ulikuwepo, aliyekosekana ni mtu wa kuujua.

Naona tumesahau chanzo cha kazi hii. Neno karaoke ni la Kijapani, limeundwa kwa neno lenye maana ya "tupu" na kifupisho cha neno okestra, yaani ala zinazopigwa pasipo mwimbaji. Mashine za namna hiyo zilibuniwa na zaidi ya mtu mmoja, na Shigeichi Negishi alitengeneza ya kwake mwaka 1967, lakini kisa ninachokipenda ni cha Daisuke Inoue, mpigaji muziki wa mji wa Kobe, ambaye kazi yake ilikuwa kuwasindikiza kwa ala wateja wa baa waliotaka kuimba. Mteja wake mmoja, mwenye kampuni ndogo, alimtaka aandamane naye safarini kwa sababu hakuna mwingine aliyeweza kumpigia akaimba vizuri. Inoue hakuweza kuacha kazi, hivyo akamrekodia nyimbo zake kwenye tepu, kwa ufunguo, yaani kimo cha sauti ambacho wimbo mzima hupigwa, uliofaa sauti ya mteja huyo. Mwaka 1971 akatoa mashine zake za kwanza. Kwa hiyo kazi yetu, tangu mwanzo wake, ni kumsikiliza mtu mmoja, kujua koo lake linafika wapi na moyo wake unataka nini, kisha kumwandalia ala zinazomfaa. Wingi wa nyimbo ulikuja baadaye.

Wingi huo wenyewe tusiuogope wala tusiutegemee. Tuchukulie wimbo mmoja ni dakika nne, na dakika moja ya kukabidhiana maiki na kumtaja anayefuata. Hizo ni nyimbo 12 kwa saa, au 48 kwa shughuli ya saa nne, na hapo hatujahesabu hotuba wala muda wa kukata keki. Mgeni haambulii chochote kwa kuambiwa kwamba mashine ina nyimbo elfu thelathini ikiwa zitakazopigwa usiku huo hazitafika hamsini na zote zimetoka katika miaka mitano ya karibuni. Nimekuja kuamini kwamba mwendeshaji mwenye nyimbo 300 alizozisikiliza mwenyewe kuanzia utangulizi wa ala hadi mwisho, zilizotawanyika vizuri katika miongo, atahudumia ukumbi wenye marika manne vizuri zaidi kuliko mwenye maktaba kubwa asiyoijua.

Namna ya kuzitawanya ina hesabu nyepesi ambayo ningependa kila mwendeshaji aifanye kabla ya shughuli. Wachunguzi wa kumbukumbu wameona kwamba watu wanapofika utu uzima hukumbuka kwa wingi na kwa uzito zaidi mambo yaliyowapata kati ya umri wa miaka 10 na 30 hivi, na nyimbo zimo. Mtu aliyezaliwa mwaka 1960 alikuwa na miaka 15 mwaka 1975, na miaka 25 mwaka 1985. Nyimbo zake zitafute katika kipindi hicho. Aliyezaliwa mwaka 1985, mtafute kati ya 2000 na 2010. Aliyezaliwa mwaka 2005 alitimiza miaka 15 mwaka 2020. Ukimpigia simu mwenye shughuli ukamuuliza mambo matatu tu, umri wa mgeni mkubwa kuliko wote na wa mdogo kuliko wote, na watu wengi wanaangukia wapi katikati, tayari una ramani ya usiku wako.

Hata hivyo hesabu hiyo isitufanye tumfungie kila mtu katika chumba cha miaka yake. Mwaka 2013 Carol Krumhansl wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, akishirikiana na mwenzake, alichapisha utafiti ambao ndani yake vijana wa miaka 20 hivi walisikilizishwa nyimbo zilizoongoza chati kuanzia 1955 hadi 2009. Vijana hao walizipenda nyimbo za ujana wao, jambo lililotarajiwa, lakini walionyesha pia mapenzi na kumbukumbu za wazi kwa nyimbo za wakati ambao wazazi wao walikuwa vijana, na hata kwa zile za miaka ya 1960. Kwetu hili ni jambo kubwa. Maana yake ni kwamba wimbo uliopigwa nyumbani au garini na mzazi umeshakaa ndani ya mtoto, naye anaujua kiitikio chake bila kujua jina lake. Hizo ndizo nyimbo za kuzitafuta kwanza tunapopanua hazina, kwa sababu wimbo mmoja wa aina hiyo huinua meza tatu kwa wakati mmoja.

Nilishuhudia hivyo kwa bibi na mjukuu wake waliokuja mbele wameshikana mikono. Mjukuu, msichana wa sekondari, aliujua wimbo kwa sababu bibi yake alikuwa akiuimba jikoni. Walianza vizuri, lakini kiitikio kilipopanda bibi alinyamaza, midomo ikawa inacheza bila sauti, akageuka kumtazama mtoto amalizie. Nilisimamisha wimbo, nikaomba radhi kwamba kosa ni langu, nikashusha ufunguo kwa nusu toni tatu (nusu toni ni hatua moja ndogo ya kupanda au kushuka kwa sauti), tukaanza upya. Safari ile bibi alifika juu, tena akaishikilia noti ya mwisho huku mjukuu akimpigia makofi na maiki ikiwa mkononi. Tangu siku hiyo, pembeni ya wimbo huo kwenye daftari langu kuna alama ya kutoa na namba 3.

Nimeeleza kisa hicho kwa kirefu kwa sababu wengi wetu tunadhani kuwa na wimbo ni kuwa na faili lake. Mwimbaji maarufu alirekodi kwa ufunguo uliofaa koo lake, akiwa katika nguvu zake na mazoezi ya kila siku, ilhali mtu wa kawaida huimba kwa raha ndani ya oktava moja, yaani nusu toni 12, na ushei. Umri nao unaongeza yake: sauti za wanawake wengi huwa nzito zaidi baada ya hedhi kukoma, pumzi hupungua kwa wanaume na wanawake, na mtoto mdogo akichagua wimbo wa mwanaume mwenye sauti nzito, mara nyingi hataweza kuufuata chini. Programu nyingi za karaoke zina kibonyezo cha kupandisha na kushusha ufunguo, na mabadiliko ya nusu toni mbili au tatu kwa kawaida hayaharibu ladha ya ala. Basi tunapoongeza wimbo kwenye hazina tuuimbe wenyewe, tuandike unapanda wapi, utangulizi wake una urefu gani kabla ya sauti kuingia, na kama una kipande kirefu cha ala katikati ambacho kitamwacha mwimbaji amesimama hajui aangalie wapi. Tusome pia maneno yanayopita kwenye skrini, maana matoleo mengi yana makosa ya tahajia na mengine yana matusi ambayo hutapenda yasomwe kwa sauti na mtoto wa miaka tisa mbele ya babu yake.

Daftari nalo lipangwe upya. Orodha ya majina ya waimbaji inamfaa anayejua tayari anachotaka. Mimi sasa ninazo orodha mbili za ziada: moja ya miongo, na nyingine ya mistari ya kwanza ya viitikio, iliyoandikwa kwa herufi kubwa ambazo mtu aliyevuka miaka arobaini na mitano ataziona hata kwenye mwanga hafifu wa ukumbi. Orodha hii ya pili imenichukua muda mrefu kuitengeneza na bado haijakamilika, lakini ndiyo inayofunguliwa zaidi. Sambamba nayo ninalo daftari dogo la nyimbo zilizoombwa nikazikosa, na kila ombi nimeandika karibu nalo makadirio ya umri wa aliyeomba. Kutoka humo huchagua nyimbo mbili kwa wiki za kutafuta na kujifunza. Ni kazi ndogo, ila kwa mwaka ni nyimbo zaidi ya mia moja, na hakuna hata moja niliyoiongeza kwa kubahatisha.

Katika kutafuta tutakutana na tatizo la haki. Nyimbo nyingi za zamani hazina toleo la karaoke, na zipo programu zinazoweza kumwondoa mwimbaji kwenye rekodi zikabaki ala. Matokeo yake wakati mwingine ni mazuri sana, lakini kazi ile ina watunzi na warithi wao, na Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, kama ulivyorekebishwa baadaye, unailinda kazi ya mtunzi katika nchi wanachama kwa maisha yake yote na angalau miaka 50 baada ya kifo chake. Anayekusudia kuutumia wimbo kibiashara aulize kwa chombo kinachosimamia hakimiliki kabla ya kuuweka kwenye mashine.

Liko na suala la ulimi wetu kwenye maiki, ambalo naliona zito kuliko wengi wanavyolipa uzito. Mwendeshaji anaposema "haya, sasa tuwapishe wazee na zilipendwa zao," amemwambia kijana kwamba wimbo unaofuata haumhusu, na amemwambia mzee kwamba anavumiliwa. Vivyo hivyo sikubaliani na desturi ya kuwapa wazee saa ya kwanza na vijana muda uliobaki. Wazee wakimaliza saa yao huondoka, na vijana huchelewa kuja kwa kuwa wanajua saa yao ni ipi, hivyo wale tuliotaka waimbe pamoja hawaonani kabisa. Utaratibu wa zamu ubaki mmoja kwa wote, jina litajwe, wimbo utajwe, na mwendeshaji achanganye kwa kutumia zile nafasi chache anazoimba mwenyewe: akiona nyimbo tatu mfululizo zimetoka rika moja, ya nne aimbe yeye kutoka rika jingine, na achague yenye kiitikio kinachojulikana.

Najua wapo wenzangu watakaosema kwamba wateja wa kweli ni vijana, kwamba wazee huimba mara moja wakakaa. Sikatai kwamba zipo kumbi na siku ambazo waliohudhuria wote ni wa miaka ishirini na kitu, na hapo kung'ang'ania wimbo wa mwaka 1970 ili tu kutimiza msimamo wangu kutakuwa ni kuwakosea wageni. Lakini kwenye shughuli za familia mzee huimba mara moja akakaa kwa sababu aliupata wimbo mmoja tu. Na vijana wenyewe hatuwatendei haki tukidhani hazina ya nyimbo zao inajijenga yenyewe. Nyimbo mpya huja kwa kasi na nyingi hupotea kwa kasi ileile. Mimi huziacha zikae miezi mitatu, zile ambazo bado zinaombwa ndizo ninazojifunza kwa makini kama ninavyojifunza za zamani, pamoja na ufunguo na maelezo yake pembeni.

Mwisho nina ombi kwako, Ndugu Mhariri, na kwa wasomaji wako. Mtu yeyote aliyewahi kufunga daftari la karaoke bila kuupata wimbo wake, awe mzee au mtoto, na auandikie ukurasa huu mstari anaoukumbuka, hata kama jina la wimbo na la mwimbaji yamemtoka, na ataje mwaka aliozaliwa. Nitayasoma yote na kuyaingiza kwenye daftari langu dogo. Mzee yule wa jioni ile sikupata namba yake, na wimbo wake sasa naujua kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kama anasoma gazeti hili, namwomba aje, mashine itakuwa tayari kwenye ufunguo wake.

Wako katika kazi,
Mwendeshaji wa karaoke