Kukaa nje ya chuo kabla ya uzamivu si kukwama

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo kila mwaka, mahafali ya vyuo vyetu yanapomalizika, huzusha mvutano wa chini kwa chini katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba. Ni habari ya kijana aliyefaulu vizuri shahada ya kwanza, ambaye walimu wake wanamwona anaweza kufika uzamivu, yaani shahada ya udaktari (PhD), lakini mwenyewe anasema anataka kwanza afanye kazi mwaka mmoja au miwili. Wazazi hulipokea neno hilo kwa hofu. Ataambiwa kuwa chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, na jamaa watamuuliza kwenye kila harusi na kila Sikukuu amekwama wapi. Mimi nimefundisha chuoni kwa miaka mingi na nimewaandikia barua za mapendekezo waliounganisha moja kwa moja na waliokaa nje kwanza. Imani yangu ni kwamba kwa wengi wa vijana wetu muda huo wa katikati ndio unaowapatia swali la kutafiti, na kwamba sisi wakubwa hatujawaandalia pahala pa kuutumia.

Kwanza tuelewane kuhusu njia zenyewe, kwa sababu hofu nyingi hutokana na kudhani kuwa njia ni moja. Hapa nyumbani, na vilevile Ujerumani kwa kawaida, mtu hupita uzamili, yaani shahada ya pili, kabla ya kupokewa uzamivu. Marekani vyuo vingi humpokea mwenye shahada ya kwanza moja kwa moja, masomo yakachukua miaka mitano, sita au zaidi. Miaka ya mwanzo ni ya darasani, na mara nyingi chuo humlipia ada na kumpa posho kwa sharti la kufundisha au kusaidia utafiti. Uingereza uzamivu ni wa miaka mitatu hadi minne, na mwombaji hutakiwa mara nyingi aje na mada yake mkononi. Kwa hiyo anayekwenda Marekani ana muda wa kutafuta swali akiwa ndani, na anayekwenda Uingereza anapaswa kulijua kabla hajapanda ndege.

Tazameni pia kalenda. Wanafunzi wetu humaliza mitihani ya mwisho katikati ya mwaka, na vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi ya uzamivu mwezi wa Disemba, kwa masomo yanayoanza Agosti au Septemba ya mwaka unaofuata. Anayengoja amalize mitihani ndipo aombe, hata awe na haraka kuliko wote, atakuwa nyumbani takriban mwaka mzima. Mwaka huo upo, mzazi akitaka asitake, na la kuzungumza ni namna ya kuutumia.

Shahada ya kwanza humfundisha kijana kujibu maswali yaliyotungwa na wengine, na mwenye kumbukumbu nzuri hufika mbali kwa njia hiyo. Uzamivu humtaka mtu akae na swali moja kwa miaka, ajue kwa nini linastahili kuulizwa, na asilichoke pale linapokataa kujibika. Swali la namna hiyo ni nadra kupatikana katika wiki za mwisho za chuo, kijana akiwa anahangaika na tasnifu na mitihani. Nimewaona wakichukua mada ya msimamizi kwa sababu ndiyo iliyokuwapo, na mwaka wa tatu wa uzamivu wakawa hawajui wanamtafitia nani.

Nitatoa mfano mmoja wa karibu. Kuna binti ninayemfahamu ambaye baada ya shahada yake ya sayansi alipata kazi ya muda ya kukusanya taarifa za wakulima wa mwani upande wa Micheweni. Mwani ulianza kulimwa kibiashara visiwani kwetu mwishoni mwa miaka ya 1980, na wanaoulima hadi leo wengi wao ni wanawake. Kazi hufanyika maji yanapokupwa wakati wa bamvua, watu wakiwa wameinama juani, wanafunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizotandwa baina ya vigingi. Binti huyo alikuwa akitumbukiza kipimajoto katika maji ya magotini na kuandika namba kwenye daftari la skuli. Siku moja mama mmoja akamwambia kuwa hizo namba hazitamfaa kitu kama anapima pahala pamoja tu, kwani kamba zilizo karibu na ufukwe ndizo zinazoanza kupauka na kukatika wakati wa joto la kaskazi, ilhali zake yeye, alizozisogeza kwenye mkondo, hudumu zaidi. Binti akaanza kupima pahala pawili, kisha patatu. Aliporudi kwangu kutaka barua ya mapendekezo, kwa mara ya kwanza alinieleza anachotaka kukijua bila ya kutazama karatasi: je, mwani wa mkondoni unaokolewa na mwendo wa maji, au na ubaridi wake, au na mbegu aliyoichagua yule mama? Hilo ni swali la uzamivu, na darasani kwangu asingelipata.

Historia ya sayansi inayo mifano ya wazi zaidi. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe kutoka Uingereza, alifika Gombe, mkoani Kigoma, mwaka 1960 akiwa hana hata shahada ya kwanza, akawaona sokwe wakitumia vijiti kuvulia mchwa, na ni baada ya hapo, mwaka 1962, ndipo Chuo Kikuu cha Cambridge kilipomwandikisha kwa uzamivu. Marie Curie, mwanasayansi maarufu wa mionzi, alipata shahada ya fizikia mjini Paris mwaka 1893 na uzamivu mwaka 1903. Miaka kumi ilipita baina ya shahada hizo mbili, na ndani yake alitafiti usumaku wa chuma, akaolewa, akazaa na akafundisha skuli ya wasichana. Sisemi kila anayekaa nje atakuwa kama hao. Nasema tu kwamba muda wa katikati haukuwapunguzia kitu.

Hata hivyo wazazi wanaohofu hawakosi hoja, na ningekuwa nawadanganya vijana kama nisingelisema hilo. Hatari kubwa iko kwa watoto wa kike. Kijana wa kiume akikaa nyumbani miaka miwili ataulizwa kazi. Binti ataulizwa mume, na akiolewa kabla hajatuma maombi, safari ya masomo inakuwa ni ruhusa ya kuombwa kwa watu wengi zaidi. Siipingi ndoa, na ninawajua wanawake waliokamilisha uzamivu wakiwa na waume na watoto. Ninachowaomba wazazi ni kwamba posa inapokuja, suala la masomo litajwe mbele ya wazee wa pande zote mbili siku hiyo hiyo, kwa maneno ya wazi, kama yanavyotajwa mahari. Hatari nyingine ni mshahara. Mwenye kuanza kupokea kila mwezi huanza kutegemewa na wadogo zake, mkopo wa masomo nao unadai, na mwisho anaona aibu kuiacha ajira aende akapokee posho ya mwanafunzi. Hilo halina dawa nyepesi zaidi ya kupanga mapema na familia muda utakuwa wa miaka mingapi.

Yako pia mambo madogo yanayowaangusha watu. Matokeo ya TOEFL na IELTS, mitihani ya kupima Kiingereza, hutumika kwa miaka miwili tu, na ya GRE, mtihani ambao baadhi ya vyuo, hasa vya Marekani, huutaka kwa masomo ya juu, kwa miaka mitano, hivyo kuufanya mtihani mapema mno ni kutupa fedha. Programu nyingi za DAAD, shirika la Ujerumani linalofadhili masomo, kwa nchi zinazoendelea hutaka kwa kawaida shahada ya mwisho isiwe imepitisha miaka sita. Upande wa pili, Chevening, ambao ni ufadhili wa serikali ya Uingereza kwa masomo ya uzamili, humtaka mwombaji awe amefanya kazi saa 2,800, yaani kiasi cha miaka miwili, kwa hiyo huko anayetoka chuoni moja kwa moja kwa kawaida hana nafasi. Na kila chuo kitataka barua za walimu, mara nyingi tatu. Mwalimu anayefundisha mamia ya wanafunzi husahau. Kijana asiondoke chuoni bila ya kuwaaga walimu wake, kuwaachia nakala ya tasnifu, na kuwaandikia walau mara moja kwa mwaka kuwaeleza anafanya nini.

Lililonisukuma hasa kuandika ni usaili mmoja niliosimuliwa hivi karibuni, wa nafasi ya mkufunzi msaidizi, ambapo mwombaji aliyekuwa amefanya kazi ya utafiti vijijini kwa miaka miwili aliulizwa kwa nini "alipumzika". Hakuna aliyemuuliza alichokiona huko. Kama wanaoajiri walimu wa vyuo wanauhesabu muda huo kuwa ni doa, basi tusishangae vijana wakikimbilia uzamili wowote unaopatikana, hata wasiouhitaji, ili tu karatasi zao zisionekane zina pengo.

Visiwa hivi vina pahala pa kujifunzia utafiti kwa vitendo. Iko Taasisi ya Sayansi za Bahari, iliyoanzishwa Unguja mwaka 1978. Iko Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri hapa Wawi, inayoshughulika na kichocho na minyoo. Kuna watafiti wa kilimo Kizimbani, na zipo nyaraka za kale zilizohifadhiwa Kilimani, Unguja, kwa wanaosoma historia. Ombi langu kwa wizara zinazohusika na kwa vyuo vyetu ni kwamba zianzishwe nafasi za wasaidizi wa utafiti za mwaka mmoja hadi miwili, kwa wahitimu wa shahada ya kwanza, zenye posho ya kumtosha mtu nauli na chakula, na sehemu yake itengwe kwa ajili ya Pemba. Zitangazwe magazetini na redioni mwezi wa Agosti, mitihani ikiwa imekwisha na vijana hawajatawanyika, ili na binti wa Konde au wa Kengeja asiye na jamaa mjini apate kuzisikia na kuomba.

Mwalimu wa chuo,
Chake Chake, Pemba