Kukiri kwa mtuhumiwa si kesi

Mhariri,

Kila mtoto anapotekwa na kuuawa, habari inayopewa uzito kuliko zote ni ile ya mtuhumiwa kukiri. Sura yake inajaa ukurasa wa mbele, na chini yake yanaelezwa yote: alimchukuaje mtoto, alimuuaje, alimficha wapi. Msomaji huona kesi imekwisha. Mwendesha mashtaka akisoma hayo hayo huanza kuingiwa na hofu, kwa sababu ushahidi aliokuwa akiutegemea umeshaharibiwa kabla haujafika mahakamani, na baadhi ya uharibifu huo umefanywa na vyombo vya habari.

Kinachotakiwa kuthibitishwa si kidogo. Kwenye utekaji, upande wa mashtaka lazima uonyeshe kwamba mtoto alichukuliwa au alizuiwa bila ridhaa ya mzazi au mlezi. Kwamba mtoto mdogo alifuata mwenyewe baada ya kuahidiwa zawadi si utetezi. Kwenye mauaji, lazima ithibitike kwamba mtoto amekufa, kwamba kifo kilitokana na kitendo cha mshtakiwa, na kwamba kitendo hicho kilikuwa na nia ovu. Juu ya hayo yote, kwamba aliyetenda ni huyu aliyesimama kizimbani na si mwingine. Kukiri huonekana kuyajibu maswali haya yote kwa mpigo. Ndiyo maana wapelelezi hukukimbilia, na ndiyo maana wakili wa utetezi huanzia hapo hapo.

Tazama kesi ya Etan Patz. Alikuwa na miaka 6 alipotoweka Manhattan, New York, tarehe 25 Mei 1979, akielekea kituo cha basi la shule. Mwili wake haukupatikana. Mwaka 2012 mwanamume aliyekuwa kijana wa miaka 18 wakati wa tukio, akifanya kazi katika duka la jirani, alikiri kwamba alimuua. Alikuwa amehojiwa takriban saa 7 kabla ya kusomewa haki zake, yaani onyo kwamba anaweza kunyamaza na kwamba maneno yake yanaweza kutumika dhidi yake. Alipokwisha kukiri ndipo akapewa onyo, kamera ikawashwa, naye akayarudia maneno yale yale. Juri ya kwanza, yaani jopo la raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, mwaka 2015, ilikaa siku 18 ikashindwa kuafikiana: 11 walisema ana hatia, 1 akakataa. Juri ya pili, mwaka 2017, ilimtia hatiani kwa utekaji na kwa mauaji yaliyotokea wakati wa utekaji huo, akahukumiwa kifungo cha miaka 25 hadi maisha.

Lakini wakiwa bado wanajadiliana, wanajuri hao walimwandikia jaji swali: tukiona kwamba kukiri kwa kwanza, kabla ya onyo, hakukuwa kwa hiari, je, tunalazimika kuyatupa pia yaliyofuata? Jaji alijibu "hapana" bila kufafanua. Mwezi Julai 2025 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliamua kwamba jibu hilo lilikuwa kosa la wazi, ikaagiza mshtakiwa ashtakiwe upya au aachiwe. Zaidi ya miaka 46 baada ya mtoto kutoweka, kesi ilirudi mwanzo.

Haikurudi mwanzo kwa sababu kuna aliyethibitisha kwamba mtu yule hakuua. Ilirudi kwa sababu ya mpangilio wa siku moja katika chumba cha mahojiano. Mtu akishakiri mara moja, anaona hana tena cha kuficha, na onyo linalokuja baadaye linabaki maneno matupu. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikwisha kuukemea mtindo huu wa kuhoji kwanza na kuonya baadaye mwaka 2004, katika kesi ya Missouri dhidi ya Seibert. Tiba yake inajulikana. Onyo litolewe kabla ya swali la kwanza. Kamera iwashwe mtuhumiwa anapoingia chumbani, isisubiri hadi awe tayari kusema. Saa za kula, kunywa, kupumzika na kulala ziandikwe. Daktari amkague kabla na baada. Kama ana ugonjwa wa akili au uelewa mdogo, asihojiwe peke yake hata kwa dakika 5. Katika kesi ya Patz utetezi ulijikita sana katika hali ya akili ya mshtakiwa.

Hata kukiri kulikofuata taratibu zote kunahitaji kupimwa, na hapa, Mhariri, ndipo meza yako inapohusika. Mpelelezi makini huchagua mambo machache ya eneo la tukio na kuyafungia: aina ya fundo la kamba, nguo iliyokosekana, jinsi mwili ulivyolazwa. Anayejua mambo hayo ni muuaji na wapelelezi wawili watatu tu. Mtuhumiwa akiyataja bila kuulizwa, kukiri kwake kuna mizizi. Gazeti likiyachapisha, kipimo hicho kimekufa. Kuanzia siku hiyo kila mwenye kutamani umaarufu, kila mgonjwa wa akili na kila aliyechoshwa na mahojiano anaweza kuyataja, na mahakama haina namna ya kujua aliyatoa wapi. Hasara ya pili ni kwamba asiye na hatia anaweza kufungwa kwa maneno aliyoyasoma gazetini.

Picha ya uso nayo ina madhara yake. Kama kuna shahidi aliyemwona mgeni akimshika mtoto mkono, anatakiwa kumtambua mtu huyo kwenye gwaride la utambulisho, katikati ya watu wengine wanaofanana naye kwa umri, kimo na rangi. Akiwa ameshaiona sura gazetini, hakuna ajuaye kama anamtambua mtu wa barabarani au mtu wa ukurasa wa mbele. Wakili atamuuliza swali hilo moja, na gwaride litaanguka.

Kesi inaweza kusimama bila kukiri polisi. Wasichana wawili wa miaka 10 walitoweka Soham, Uingereza, tarehe 4 Agosti 2002, na miili yao ikapatikana mtaroni tarehe 17. Ian Huntley, mtunza majengo wa shule, alihukumiwa Desemba 2003. Nyuzi za nguo, alama za vidole kwenye mfuko wa taka, matairi ya gari aliyoyabadilisha na mahali simu ya msichana mmoja ilipokatika mawasiliano vilimfunga pande zote. Mtaalamu wa mimea, Patricia Wiltshire, aliitambua njia iliyotumika kwenda mtaroni kwa kuangalia jinsi upupu uliokanyagwa ulivyoanza kuchipua upya. Kizimbani Huntley hakukana tena kwamba wasichana walifia nyumbani kwake. Alidai ilikuwa ajali, na dai hilo halikumsaidia.

Ushahidi wa namna hiyo huoza upesi. Utafiti wa jimbo la Washington nchini Marekani ulionyesha kwamba takriban robo tatu ya watoto waliotekwa na kuuawa waliuawa ndani ya saa 3 za mwanzo, hivyo mara nyingi upelelezi unapoanza tayari ni wa mauaji. Video za kamera za ulinzi hufutwa na kurekodiwa upya. Zichukuliwe siku hiyo hiyo. Nguo yenye damu ikaushwe, kisha iwekwe peke yake kwenye mfuko wa karatasi, kwa kuwa plastiki hutunza unyevu na ukungu hula vinasaba. Askari aliyeingia chumbani kwa mtoto asitumwe kupekua nyumba ya mtuhumiwa, kwa maana anaweza kuubeba unywele wa mtoto hadi huko yeye mwenyewe. Kila anayepokea kielelezo aandike jina, tarehe, saa na hali ya lakiri. Saini moja ikikosekana, wakili atauliza kielelezo kililala wapi usiku ule.

Ninachoomba ni kidogo. Andika kwamba mtu amekamatwa, tarehe atakayofikishwa mahakamani na mashtaka yatakayosomwa. Acha picha ya sura hadi gwaride lifanyike. Msemaji wa polisi akikupa maneno ya kukiri, muulize kama yalirekodiwa tangu mwanzo, na andika jibu lake. Na akikupa aina ya fundo la kamba, usilichapishe, hata kama gazeti shindani litalichapisha kesho asubuhi.

Mwendesha mashtaka mstaafu