Kwa wadogo zangu wa kijiwe cha kahawa: "najisikia vizuri" si kipimo cha presha

Mbukwenyi, wadogo zangu.

Nawaandikia ninyi mliostaafu juzi juzi, mnaokaa kwenye viti vya plastiki pale jirani na stesheni ya Dodoma tangu asubuhi mpaka jua la saa sita. Mimi nina miaka 76. Mtu wa miaka 61 kwangu ni kijana, kwa hiyo mnivumilie nikiwasema kama vijana.

Sikupanga kuandika. Ila wiki mbili zilizopita nilikwenda kumjulia hali mwenzetu mmoja. Mnamjua, jina naliacha kwa heshima ya mkewe. Yule aliyekuwa akitufunga drafti sote huku akiimba, sasa mkono wa kulia hauinuki na maneno hayatoki. Kiharusi. Mkewe akaniletea kopo la maziwa ya unga kutoka juu ya kabati. Ndani mna vidonge vya presha vya miezi mitatu, hata kimoja hakijatobolewa. "Kila nikimuuliza, shemeji, ananijibu anajisikia vizuri." Nilirudi nyumbani na hasira, na hasira yenyewe haijaisha.

Presha haiumi! Mtu ana 180 kwa 110, namba za hatari, na Jumamosi anakwenda mnadani Msalato, anakula mbuzi wa kuchoma, anacheka, anabishana mpira. Kichwa kikigonga anameza kidonge kimoja, kikipoa anaacha. Kwani hiyo ni panadoli? Kidonge cha presha kinafanya kazi siku unazokimeza. Ukiacha, presha inarudi kule kule, tena kimya kimya. Presha ilikuwa imeshuka na moyo wako unapumzika kwa sababu ulikuwa unameza, bwana.

Nilipoingia reli mwaka 1970, injini za mvuke zilikuwa bado zinavuta mabehewa Reli ya Kati. Nilikuwa fayamani, mchochea moto wa injini, na dereva wangu alikuwa mzee mkali asiyeniruhusu kubandua macho kwenye kioo cha maji ya boila. Siku moja nikamwambia, "Mzee, mbona injini inakwenda vizuri tu?" Akanizaba kofi la kisogo. Maji yakipungua mle ndani, injini inaendelea kuvuta kama kawaida mpaka dakika za mwisho, halafu boila inalipuka na hakuna wa kusimulia. Kofi lile lilinifaa zaidi ya semina zote nilizohudhuria baadaye.

Na mimi si malaika. Kuna mwaka niliacha vidonge miezi minne, maana jirani alininong'oneza kwamba vinamaliza nguvu za kiume. Najua wengi wenu ndiyo sababu yenu, hamsemi tu. Basi tuseme waziwazi: vipo vinavyoweza kusumbua upande huo, na presha isiyotibiwa nayo inasumbua upande huo huo. Dawa za presha ziko za aina nyingi. Rudi kwa daktari, mweleze bila haya, atakubadilishia. Mimi nilibadilishiwa na mama watoto hajalalamika. Ila usiache mwenyewe, wala usikimbilie yule wa kipaza sauti anayeuza chupa ya kusafisha mishipa. Mishipa si mfereji wa maji machafu.

Tena nyie wa magoti. Unaingia duka la dawa, unanunua diklofenaki, zile dawa za maumivu, unazimeza mwezi mzima kama karanga. Hizo zinapandisha presha na kuumiza figo, hasa kwa mtu wa umri wetu. Goti likiuma, sema hospitali kwamba una presha kabla hujaandikiwa chochote.

Mengine nayataja tu. Chumvi: Shirika la Afya Duniani linasema isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na hapo ni pamoja na ile mnayochovea nyama. Maji: uzeeni kiu inapungua, na Dodoma yetu ni kavu, usisubiri koo likauke. Uwele, mtama na mlenda vilitukuza, rudini huko, sembe nyeupe iwe ya wageni. Miguu: inukeni kwenye hicho kiti mara tano bila kushika popote, anayeshindwa aanze kutembea kesho, polepole, nusu saa. Macho: ukungu si lazima uwe uzee, unaweza kuwa mtoto wa jicho, na hospitali ya Mvumi wanapasua.

Sasa niseme na wasiokaa kijiweni. Tunaambiwa wazee tuna dirisha letu hospitalini. Dirisha lipo, bango lipo. Mwezi uliopita nilisimama mbele ya dirisha hilo mahali fulani, nikaambiwa dawa yangu hakuna, nikanunue nje. Nje kwa pesa gani? Mimi nina pensheni, ndogo, lakini ipo. Mkulima wa Bahi aliyelima mtama miaka hamsini hana hata hiyo. Zanzibar tangu 2016 wanampa kila mzee wa miaka 70 pensheni, awe aliajiriwa au hakuajiriwa. Huku Bara tunapewa kofia na hotuba kila tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani. Na ninyi watoto wetu mlioko Dar, pesa za kwenye simu tunashukuru, zinafika. Lakini simu haiwezi kufungua kopo lililoko juu ya kabati na kuhesabu vidonge. Treni ya umeme inawafikisha hapa siku hiyo hiyo.

Wadogo zangu, nimewasema sana. Ni kwa sababu nimezika wengi wa rika langu, na sina hamu ya kuanza kuzika rika lenu. Mkiondoka ninyi, nitacheza drafti na nani?

Jumatatu saa mbili nitafika kijiweni na kipimo cha presha alichoniletea binti yangu. Kila mmoja aje na kopo lake la vidonge, lilivyo, asitupe kitu njiani ili kunidanganya. Muuza kahawa nimeshamwambia asimmiminie mtu kabla ya kupimwa, kahawa inapandisha namba. Tukimaliza, vikombe vyote na kashata nalipa mimi.