Gita lako limekunywa maji

Malindi, Unguja

Sahibu yangu,

Assalaam alaykum. Natumai nyote hapo Wete ni wazima. Barua yako nimeipata na zile picha mbili nimezitazama vizuri. Najibu mbio kwa sababu ya neno lako la mwisho, kwamba ukipata nyuzi za chuma utazifunga ili gita lisikike mbele ya fidla na akodiani. Nakuomba usizifunge.

Gita lako ni la nyuzi za nailoni, nalo hubeba mvuto wa kiasi cha kilo 40 kwa nyuzi zote sita. Seti nyepesi ya chuma huvuta zaidi ya kilo 70. Shingo ya gita kama lako kwa kawaida haina chuma ndani, na daraja, kile kipande cha mbao zinapofungwa nyuzi, limeshikwa na gundi tu juu ya ubao wa milimita 2 hadi 3. Halitavunjika siku hiyo hiyo. Litaanza kunyanyuka kwa nyuma kidogo kidogo, mpaka asubuhi moja ulikute daraja limebanduka na kipande cha ubao. Antonio de Torres, fundi wa Uhispania (1817–1892) ambaye umbo la gita lake mafundi wanaliiga mpaka leo, alijengea nyuzi za utumbo wa mnyama, kama zilivyokuwa za udi wa zamani, ile ala yako ya taarabu. Nailoni ikaja miaka ya 1940 kwa kazi ya Albert Augustine kule New York, mpiga gita Andrés Segovia akimhimiza, ikachukua nafasi ya utumbo na mwili wa gita ukabaki ule ule. Chuma kina gita lake jingine.

Sasa hili la nyuzi kupanda tangu masika ianze, hata vidole vinauma kubana. Hiyo ni hewa. Mbao hunyonya unyevu ikavimba kwa upana wake, kwa urefu haiongezeki la kuonekana. Ubao wa mbele umegundishwa ndani kwenye mataruma, vile vijiti vinavyoushika, basi ukivimba hauna pa kwenda ila kufura juu kama tumbo. Daraja linapanda nalo, nyuzi zinafuata. Na ubao uliolowa ni mzito, hautetemeki sawasawa. Ndiyo ile sauti uliyosema imezibwa.

Gita linataka unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Kwenu wakati wa mvua hewa hupita 80. Nyumba huwezi kuikausha, ila sanduku la gita unaweza. Nunua kipima unyevu kidogo, na kabla hujakiamini kijaribu: kijiko cha chumvi kwenye kifuniko cha chupa, matone machache ya maji iwe kama tope, ukifungie pamoja na kipimo kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa mpaka kesho yake. Lazima kisome 75. Kikisoma 80, jua kinazidisha 5, na uendelee kukitumia hivyo hivyo kwa hesabu hiyo. Kisha tia sandukuni gramu 200 za silika, zile chembe zinazonyonya unyevu, za aina inayobadilika rangi, kwenye kifuko cha kitambaa karibu na kichwa cha gita. Zikibadilika rangi zimeshiba. Zikaushe kwenye kikaango, moto mdogo kabisa, mpaka rangi irudi. Mchele hautoshi, unanyonya kidogo na unaita wadudu. Unyevu wa sandukuni ukifika 60 ridhika. Na siku ukija mjini kwa shughuli, usililaze gita nje ya sanduku kwenye chumba chenye kiyoyozi. Kukauka ghafla ni kubaya kuliko kulowa, maana tumbo hushuka lakini ufa haufungiki wenyewe.

Usiguse mfupa wa daraja, ule mwembamba unaokalia nyuzi, kabla ya wiki tatu za sanduku kavu. Wengi huharibu hapa: wanausugua wakati wa mvua, kaskazi ikija ubao unashuka, nyuzi zinagonga freti zote, vile vyuma vilivyokatiza shingo. Baada ya wiki hizo, pima kwa rula kutoka juu ya freti ya 12 hadi chini ya uzi. Uzi wa sita, ule mnene kabisa, uwe milimita 4, wa kwanza, mwembamba kabisa, 3. Ukitaka kushusha nusu milimita pale, lazima upunguze milimita nzima kwenye mfupa, kwa kuwa freti ya 12 iko katikati ya uzi. Sugua upande wa chini tu, juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo, na upime kila mara. Kilichosuguliwa hakirudi.

Nyuzi funga mmoja mmoja, usizifungue zote kwa pamoja. Tatu nyembamba zizungushe mara tatu darajani, nene mara moja yatosha, na ncha ya mwisho ibanwe nyuma ya ukingo wa daraja, isiishie juu. Ikiishia juu, uzi wa kwanza utachopoka na kuuchapa ubao, ubaki na tundu. Weka kipande cha kadibodi hapo unapofunga. Uzi wa nne ndio unaokufa mwanzo, kwani chumvi ya hewa na jasho hula ule waya mwembamba uliozungushiwa juu yake. Ufute kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga.

Imebaki nguvu ya sauti, na hapa mkono wako wa udi ndio unaokuponza. Risha, kile kipande cha kupigia udi, huanguka kwa uzito wa kifundo cha mkono. Kwenye gita kidole husukuma kutoka kiungo chake kikubwa, kile cha kwenye kiganja. Kabla ya kuachia, ukandamize uzi kuelekea ubaoni kidogo. Ukiukwaruza kwa pembeni unatetemeka sambamba na ubao, na ubao haupati kitu. Dakika kumi kila siku, kidole cha shahada na cha kati kwa zamu, pole pole, bila ya kurudia kidole kimoja.

Kucha nazo. Najua Ijumaa unazikata. Za kushoto zikate zote. Za kulia acha milimita moja na nusu tu kupita nyama, ukitazama kutoka upande wa kiganja, na Ijumaa uzisugue badala ya kuzikata: msasa namba 600, umalizie na 2000 mpaka ukingo uwe laini kama kioo. Uzi uguse nyama na ukucha kwa pamoja, kisha uteleze. Ukingo wenye mkwaruzo unasikika kama kifua kikavu, hata gita liwe zuri vipi.

Silika, msasa wa aina zote mbili na seti moja ya nailoni nitavipakia kwenye boti ya Jumamosi. Baada ya wiki tatu niandikie vipimo viwili vya freti ya 12 kabla hujaushika mfupa, nikwambie upunguze kiasi gani.

Wasalaam,
Sahibu yako