Giza la Masese

Masese, Jinja

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi kutoka huku Uganda, upande huu wa ziwa letu Viktoria. Mimi sijambo. Uliniuliza kwenye simu mtu anasomaje "uchafuzi wa mwanga na kelele" ziwani, yaani jinsi taa na injini za watu zinavyowasumbua viumbe wa majini, nami nikakujibu juu juu kwa kuwa salio lilikuwa linaisha. Leo nimekaa nikueleze.

Usiku natoka kwa mtumbwi na mzee mmoja mvuvi. Nabeba kipima mwanga, wavu wa matundu madogo sana, na maikrofoni ya kushusha majini kwa waya. Juzi nimevaa visikilizio, nikasikia injini ikinguruma kana kwamba imo mtumbwini mwetu. Kuinua kichwa, hakuna kitu. Boti ilikuja kuonekana baadaye sana, nukta tu. Majini sauti husafiri kama mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, na mngurumo mzito wa injini hufika mbali. Nikawahurumia samaki, maana hawana pa kukimbilia.

Unawakumbuka furu, wale samaki wadogo wa kwenye mawe ya Mwanza? Yule mwekundu jina lake la kisayansi ni Pundamilia nyererei, kwa heshima ya Mwalimu. Dume lake halimvuti jike kwa rangi peke yake. Hutoa pia milio mifupi ya chini chini, na jike huisikiliza anapochagua. Tunajua tayari kwamba maji yakivurugika rangi hazionekani sawasawa, na furu wa aina mbili jirani huanza kuchanganyika. Sasa mlio nao ukimezwa na injini, sijui jike abaki na nini cha kumtambulisha wake. Hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko yote ninayosoma.

Kuhusu mwanga, anza na vijidudu wanaoelea, zooplanktoni. Mchana hushuka kwenye kina wasionekane na samaki, giza likiingia hupanda kula mwani. Wale wadudu wanaopaa kama moshi juu ya ziwa nao wana saa yao. Watafiti wa hapa Jinja, ambako uchunguzi wa samaki wa ziwa hili una kituo tangu 1947, waliona miaka ya 1950 kwamba wengi huibuka siku chache baada ya mwezi kuandama. Viluwiluwi vyao ni chakula cha domodomo, samaki anayetafuta riziki usiku kwa umeme hafifu wa mwili wake. Kwa viumbe hawa, giza ndiyo kalenda yao.

Nilifika hapa nikiwa tayari kuzilaumu taa za wavuvi wa dagaa (hapa wanaita mukene). Zamani karabai, sasa za betri na sola. Taa huvuta vijidudu, dagaa hufuata, wavu unainuliwa. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Mwanangu, mwezi ukijaa sisi tunalala." Ni kweli. Mbalamwezi ikitawala taa hazivuti kitu, wanabaki nchi kavu wanashona nyavu. Sisemi taa zao hazina madhara, kwani huwaka usiku ule ule uliopaswa kuwa mweusi kabisa. Lakini zinahama, zinazimwa, na zinalisha watoto. Taa za ufukweni haziko hivyo. Zinamulika mahali pale pale mwezi mzima, kwenye maji mafupi penye matete, ambako ngege hutaga na samaki wachanga hujificha, na mara nyingi hakuna mtu anayezitumia. Hizo zingeweza kufunikwa zimulike njia badala ya maji, wala hakuna ambaye angelala njaa.

Sasa nina shida, na wewe unaweza kunisaidia. Kila ninapopima nahitaji mahali pa kulinganisha, maji mafupi yasiyofikiwa na taa wala injini. Huku nimezunguka sijapapata. Hata nyuma ya vilima anga la mji linang'aa. Nikakumbuka ule ufuko wa kwenu Ukerewe, nyuma ya shamba la baba mdogo, tulipokuwa tukishikana mikono kwa kutoonana. Naomba uende usiku wa giza, mwezi ukiwa haujaandama. Kaa kama nusu saa macho yazoee, kisha uniandikie kama bado huoni mkono wako.

Msalimie mama sana.

Ni mimi nduguyo,
Mariamu