Yaya, kabla hujalipa sali yoyote ya mazoezi Lubumbashi

Kamalondo, Jumapili jioni

Yaya, dada yangu mkubwa mpenzi,

Yambo sana. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa nimesimama mlangoni, mara ya pili ilibidi niketi, maana nilipofika pale uliposema daktari amekupima presha akakuta 160 kwa 100, miguu ililegea. Nafurahi unakuja. Tangu nitoke Kadutu, mtaa wetu wa Bukavu, ni miaka sita sasa, na sijapata habari tamu kama hii. Lakini umeniuliza jambo moja, na nataka nilijibu vizuri kabla ya mengine yote: sali nzuri ya mazoezi ni ipi huku kwetu?

Nianze na ulichokizoea. Kule Bukavu mimi na wewe hatukuwahi kutafuta sali. Asubuhi tulishuka hadi Nyawera, jioni tukapanda tena hadi nyumbani na mizigo kichwani, na kilima kikatufanyisha kazi bila kutuomba hata faranga. Lubumbashi ni tambarare, yaya. Mji umetandazwa kama mkeka. Na kwa kuwa ni tambarare na mpana, hakuna anayetembea: ukienda sokoni ni taksi, ukienda kanisani ni basi, ukichelewa kidogo ni pikipiki ya manseba, yule dereva wa kukodi, mpaka mlangoni. Halafu jioni bukari, ugali wetu wa mahindi, na samaki, na lengalenga, ule mchicha, yenye mafuta, na bukari tena. Mwaka wangu wa kwanza niliongezeka kilo 11. Sikula kupita nilivyokula Bukavu; nilipoteza kilima tu. Nakuambia mapema kwa sababu na wewe utakipoteza, na magoti yako tayari yanalalamika.

Ndipo nikatafuta sali, kama unavyotafuta wewe sasa. Nilipata moja katikati ya mji, yenye vioo ukuta mzima, muziki mkubwa, na mashine zinazong'aa. Nililipa mwezi mzima kwa dola siku ileile. Kocha alikuwa kijana mwenye kifua kipana, mchangamfu, na hakuniuliza neno hata moja. Hakuuliza umri wangu, wala kama nina presha, wala nimezaa watoto wangapi, wala kama kuna mahali panauma. Alisema tu, "Mama, rukaruka na wenzako." Niliruka. Siku ya tatu goti la kulia lilivimba kama embe, na kwa wiki tatu nilipanda ngazi za ofisini nikishikilia ukuta. Fedha haikurudi. Iliyoniuma zaidi ni kwamba nilirudi nyumbani nikiamini mwili wangu ndio mbovu, kwamba mazoezi ni ya watu wengine. Miezi minne sikujaribu kitu chochote. Sitaki wewe uipoteze miezi minne hiyo, kwa sababu presha yako haitakungoja.

Aliyenitoa hapo ni kine, yule mtaalamu wa viungo anayewafundisha watu kutembea tena wakivunjika au wakipigwa na kiharusi. Jirani yangu alikuwa akimpeleka mumewe kwake, akanishika mkono tukaenda wote. Yule mama alinikalisha kwenye kiti cha mbao akaniuliza maswali kwa muda mrefu kuliko mwanamume yeyote aliyewahi kunitongoza. Nafanya kazi gani? Nakaa saa ngapi kwa siku? Nalala vipi? Nimewahi kuanguka? Nameza dawa gani? Alinipima presha, akaligusa goti pande zote, akaniambia niinuke kwenye kiti bila kujishika na nikae tena, naye akihesabu. Kisha akanieleza kwa lugha ninayoielewa: nyama ya paja la mbele ndiyo inayobeba goti, ikilegea, uzito wote unaangukia mfupa. Na kila kilo moja unayoipunguza mwilini inalipunguzia goti karibu kilo nne kwa kila hatua. Neno hilo lilinipa moyo, yaya. Nilikuwa nafikiri lazima nipunguze kilo 20 ndipo niione nafuu, kumbe hata mbili goti linazisikia.

Kazi aliyonipa inafanyika nyumbani. Unaketi ukingoni mwa kiti, unanyoosha mguu mmoja mpaka goti linyooke kabisa, unahesabu mpaka tano, unaushusha polepole. Mara kumi, kisha mguu mwingine. Baadaye unainuka na kukaa, mara kumi, mikono ikiwa kifuani. Asubuhi na jioni. Anza leo hii, hapo Bukavu, usingoje kupanda ndege. Ila usibane pumzi unapoinuka: toa hewa. Kubana pumzi kunapandisha presha ghafla, na kwa mtu mwenye namba zako si jambo la kulichezea. Na ukipimwa siku moja ukakuta imepita 180 kwa 110, acha mazoezi siku hiyo, rudi kwa daktari kwanza.

Kwa hiyo jibu langu si jina la sali. Popote utakapoingia, iwe jumba la vioo au ua wa shule, tazama kama wanakuuliza kabla ya kukuagiza. Anayekuuliza, kaa naye hata kama hana mashine. Asiyekuuliza, mshukuru utoke, hata kama rafiki yako wa karibu anamsifu. Nimezunguka mji huu nikilitumia swali hilo moja, na halijanidanganya bado.

Kine utampata kupitia hospitali. Ukifika tutaanza kuuliza hospitali ya Sendwe, na wakituambia foleni ni ndefu tutajaribu Kliniki za Chuo Kikuu. Njoo na karatasi zako zote, hata ile ndogo iliyokunjika ambayo nesi aliandika kwa kalamu. Wengine watakuambia mtu wa kukanda yupo hapo mtaani, ana mafuta na mikono yenye nguvu. Kukandwa mgongo ukiwa umechoka ni kuzuri, nami huenda. Lakini goti lililovimba usimpe mtu wa kulivuta, nakuomba sana. Na vile vyumba vilivyoandikwa masaji mlangoni, vingine havina haja na mgongo wako. Nenda tu mahali ambapo mwanamke unayemfahamu ameenda kabla yako.

Sali za mjini sizikatai zote. Ukipata moja yenye kocha wa kweli, lipa kwa siku kwanza, si kwa mwezi, hata wakikuahidi punguzo. Nenda saa ileile ambayo utakuwa ukienda daima, uone kama kuna wanawake wa rika letu au ni vijana tu wanaojipiga picha. Uliza umeme ukikatika inakuwaje, maana mashine ya kukimbilia isiyo na umeme ni meza. Angalia choo na maji. Na pima njia: sali inayohitaji taksi mbili utaiacha mvua ya Novemba ikianza, hata uwe na moyo wa chuma. Vijana wa Katuba na Kenya, mitaa ya hapa mjini, wana sali zao uani, chuma na makopo yaliyojazwa saruji kwa uzito, na wengine miongoni mwao wanafundisha vizuri kuliko wale wa vioo. Mwanao mkubwa atapapenda. Wewe hapana, si sasa.

Kuna pia mabwawa ya kuogelea kwenye hoteli, unalipa mlangoni. Maji yakikufika kifuani yanabeba sehemu kubwa ya uzito wako, na goti linatembea bila kulia. Ni ghali kwetu, lakini mara moja kwa mwezi tutajinyima kitu tuende.

Sasa mahali pa kutembea, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipoponea mimi. Nina kundi la wanawake tisa. Tunakutana saa kumi na mbili asubuhi, kumekwisha pambazuka, si kabla, kwa sababu barabara za giza si za kuziamini. Jumamosi tunakwenda upande wa Golf, karibu na ziwa la mji, lile la Tshombe, ambako kuna miti na hewa imetulia. Siku za kazi tunazunguka barabara zenye lami hapa karibu na uwanja wa mpira wa Mazembe. Jumapili utaona makundi makubwa ya vijana wakikimbia wakiimba, na mmoja mbele anayeongoza wimbo. Usijaribu kuwafuata, wapigie makofi wapite. Sisi tunatembea mwendo ambao mtu anaweza kuongea lakini hawezi kuimba. Hicho ndicho kipimo, hakihitaji saa wala simu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linasema mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa namna hiyo kwa wiki, na siku mbili za kuitia nyama nguvu. Gawa mwenyewe: nusu saa, siku tano. Mimi nilianza na dakika 10 na nikarudi nyumbani nikihema, na hakuna aliyenicheka.

Ila uangalie vumbi. Huu ni mji wa shaba. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitoa matokeo yao: walipima mkojo wa watu wa Katanga, eneo letu hili, wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyushia madini, wakakuta kobalti na madini mengine kwa kiwango kikubwa mno. Ukihema kwa nguvu unavuta hewa mara nyingi zaidi, basi kwa nini uende kuhemea kando ya kiwanda au kwenye barabara ya udongo ambapo malori yanapita? Kuanzia Mei hadi Oktoba, kabla mvua hazijarudi, mimi hutembea asubuhi tu, wakati umande bado umelishika vumbi, na kwenye lami. Juni na Julai kuna baridi hasa. Lete sweta lako la zambarau. Na ukifika Septemba au Oktoba utazikuta jakaranda zimechanua juu ya barabara za mjini, rangi ileile ya sweta. Utaniambia kama kuna sali yenye dari kama hiyo.

Kitu kimoja nakuomba kama ndugu. Watakuletea chai ya kupunguza tumbo. Inauzwa sokoni, inauzwa kwenye WhatsApp, na wa kwanza kukuletea atakuwa mtu wa kanisani anayekupenda. Nyingi ya chai hizo zina sena, majani ya kuharisha. Unaharisha siku mbili, mzani unashuka, unafurahi. Kumbe umetoa maji, mafuta yako palepale. Na kuharisha kunautoa mwilini ule madini wa potasi ambao moyo unauhitaji ili upige sawasawa, tena baadhi ya dawa za presha nazo zinaupunguza. Ukichanganya viwili hivyo unaweza kuanguka. Shangazi yangu wa Ruashi aliinywa mwezi mzima akaficha. Tulimkuta sakafuni jikoni, akiwa baridi, hajui ni siku gani. Amepona, Mungu asifiwe, lakini bado naiona ile sakafu nikipita duka lenye maboksi yale. Ukiletewa, pokea kwa mikono miwili, sema asante, kisha uniletee mimi niitupe.

Chakula tutazungumza jikoni, si kwenye karatasi. Nitasema tu kwamba sijaacha bukari. Nimepunguza donge, nimeongeza mboga, na chumvi sasa naipima kwa vidole viwili, kwa ajili ya presha. Ule mchemraba wa supu tuliokuwa tukitia mitatu kwenye sufuria moja, nao ni chumvi tupu. Sasa natia nusu, na kitunguu kingi.

Najua utasema huna nafasi, una wajukuu, una nyumba mpya ya kupanga. Yaya, ulinibeba mgongoni nilipokuwa na malaria, kutoka Kadutu mpaka hospitali, usiku, na mvua inanyesha. Wakati ule ulikuwa na magoti. Nataka uwe nayo tena. Nataka tukiwa na miaka 70 tuwe bado tunagombana sokoni juu ya bei ya nyanya, tumesimama kwa miguu yetu wenyewe.

Wanawake wa kundi nimeshawaambia. Mmoja ana presha kama wewe, alianza mwaka jana akiwa na fimbo; amesema atakuwa wa mwendo wako mpaka utakapomwacha nyuma. Viatu usinunue huko. Kuna mama wa mitumba anayeniwekea vyenye soli nene, niambie tu namba yako, nadhani ni 39, lakini miguu ikivimba jioni pima jioni.

Ukija, niletee sambaza kavu, zile samaki ndogo za ziwani, usiziweke kwenye mfuko wa nailoni zitaoza njiani. Funga kwa karatasi. Na ile karatasi ya daktari iweke kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku.

Wasalimie wote wa nyumbani, na umwambie mama wa duka la chini kwamba deni langu la sabuni sijalisahau.

Mdogo wako wa Kamalondo