Hao wakubwa waache, mwanangu

Mwanangu Rehema,

Asalaam aleikum. Ujumbe wako umefika na picha zote nne za wadudu waliokutisha zimefunguka vizuri. Kwanza nikutoe hofu: kati ya hao wanne hakuna mwenye sumu, na Juma hakudhurika kwa kumshika yule mweusi wa pembe. Mnawishe mikono kwa sabuni, basi. Na hiyo chupa ya dawa uliyonunua iache kwenye mfuko wake. Ukipulizia kibarazani leo, kesho alfajiri kuku wanaokota wadudu waliokufa kwa dawa, na mayai ya kuku hao ndiyo anayokula mtoto.

Huyo wa pembe ndiye chonga, na huko Pangani penye minazi ungeshangaa usingemwona. Ana urefu wa sentimita nne hadi tano, mweusi wa kuelekea hudhurungi, anang'aa kama kiatu kilichopigwa kiwi. Mwenye pembe ndefu iliyopinda kwenda nyuma ni dume. Jike pembe yake ni fupi, na ncha ya tumbo lake ina manyoya mekundumekundu. Pembe hiyo madume husukumiana wenyewe kwa wenyewe, haimdungi mtu. Mdomo umejificha chini ya kichwa, nao umeumbwa kutafuna nyuzi za mnazi. Ile sauti ya "shii, shii" iliyomfanya Juma amtupe, ni tumbo linasuguliwa kwenye mabawa magumu ya juu. Anafanya hivyo akibanwa, hana lingine la kufanya.

Kinachoweza kukuumiza ni miguu yake. Kila mguu una miiba, na mwishoni kucha mbili kama ndoana. Akikung'ang'ania kwenye kitenge au mkononi ukamvuta kwa nguvu kwenda juu, ama ngozi inakwaruzika, ama mguu wake unabaki kwenye nguo. Usimvute. Weka kijiti au kidole mbele ya kichwa chake, kisha mguse taratibu nyuma ya tumbo. Atatembea mwenyewe kwenda mbele, na kucha zitajing'oa zenyewe kwa sababu zimepinda kuelekea nyuma. Kumwokota chini, mshike ubavuni kwa kidole gumba na cha shahada, pale nyuma kidogo ya kichwa, vidole vikae juu kuliko miguu. Mfundishe Juma hivyo hivyo. Watoto hukosea kwa kuwafumbata kiganjani, na mdudu akifumbatwa anasukuma.

Hasa yule wa picha ya pili, asifumbatwe kabisa. Kichwa chake bapa kama beleshi, miguu ya mbele mipana yenye meno kama reki. Huyo ni wa mavi ya ng'ombe. Anachimba shimo chini ya mavi, anayateremsha humo, anatagia mayai ndani yake. Ukimfunga ngumi atapanua vidole vyako mpaka utashangaa nguvu za mdudu wa saizi ile. Haumi. Anakuja kwenye taa yako kwa sababu jirani ana zizi na mvua za vuli zimelainisha ardhi. Mavi anayoyafukia yeye ni mavi ambayo nzi hawatazaliana, kwa hiyo ukimkuta amelala chali kibarazani, mpe kijiti ashike, umpeleke nje ya mwanga.

Kuhusu mwanga wenyewe: balbu yako ni ile nyeupe kali. Badilisha uweke ya mwanga wa njano, watapungua bila gharama nyingine, maana wadudu wa usiku huvutwa zaidi na mwanga mweupe na wa samawati. Majuma mawili ya kwanza ya mvua zima taa ya nje kuanzia magharibi mpaka saa nne usiku, ndio wakati wao mkubwa wa kuruka. Dirisha la chumba cha mtoto liwekewe wavu. Chonga hapiti hata kwenye wavu wa matundu makubwa, lakini chukua wa matundu madogo, kwa sababu nitakayokueleza mbele.

Yule wa manjano na kahawia kwenye embe lililoanguka ni mdudu wa mchana. Mtazame akiruka: wadudu wengi wa jamii hii ya mbawakawa hufunua yale mabawa magumu kama milango ndipo wakunjue mabawa laini ya chini. Huyu anayaacha yamefunga, mabawa laini yanachomoza ubavuni. Ndiyo maana anavuma kama nyigu na watu wanamkimbia. Anakula maua na matunda yaliyoiva kupita kiasi au yaliyokwisha kudonolewa na ndege. Embe bichi lenye ganda zima hahangaiki nalo. Dawa yake ni kuokota maembe yaliyoanguka kila asubuhi. Kwenye waridi lako anaweza kutafuna ua moja mawili. Mtikise aangukie kwenye ndoo, kamwage mbali.

Sasa nije kwenye jaa lako la mboji, maana hapo ndipo kuna kazi.

Hayo mabuu meupe manene ya picha ya nne si funza wa kuoza na wala hayatoki kwenye uchafu wa chooni kama alivyokuambia fundi. Ni watoto wa hao hao wadudu. Ila watoto wa yule wa maembe na watoto wa chonga wanafanana kwa mbali, na hawafai kufanyiwa kitu kimoja. Usiwapime kwa macho tu. Chukua sinia tupu, liweke kivulini, weka juu yake buu mmoja, usubiri dakika moja. Akijinyoosha, akageuka chali, akaanza kutambaa kwa mgongo miguu ikielea juu, huyo ni wa mdudu wa maua na matunda. Ndivyo wanavyotembea wengi wa ukoo huo, na ukishaona mara moja hutasahau. Akibaki amejikunja ubavu kama herufi C, akahangaika bila kufika popote, mwangalie kichwa na miguu. Chonga ana kichwa kikubwa cha kahawia na miguu inayoonekana wazi, na akikomaa anakuwa mnene kuliko kidole gumba cha mwanaume, sentimita sita na zaidi. Wa maua kichwa chake ni kidogo, miguu mifupi, na nyuma ndiko amenenepa.

Fanya hivyo kivulini, narudia, na usimwache buu juani. Ngozi yake ni nyembamba, jua la saa sita linamkausha upesi.

Wanaotambaa kwa mgongo warudishe kwenye jaa. Wanakula majani yaliyooza na mbao laini, na wanachokitoa ni vijipunje vyeusi vikavu, ukubwa wa punje ya mchele uliokatika. Ukikuta sehemu ya jaa imegeuka vijipunje vitupu, hiyo ni mbolea tayari, ipepete kwa chekeche ukaweke kwenye mchicha. Kitu kimoja tu: usiwahamishie kwenye vyungu vya maua. Chungu kina mboji kidogo, wakiimaliza wanaanza kutafuna mizizi, na hapo watu husema mdudu ni mbaya wakati wao ndio waliomfungia ndani bila chakula. Ukikuta pia vidonge vya udongo mgumu, mviringo kama yai la njiwa, usivipasue kuona kilichomo. Ndani buu anageuka kuwa mdudu kamili, na kidonge kikivunjika mara nyingi hamalizi.

Geuza jaa kwa uma wa shamba au kwa mikono yenye glovu. Jembe linawakata katikati.

Watoto wa chonga ni habari nyingine, kwa sababu ya ile minazi sita michanga. Chonga hamdhuru mtu, lakini mnazi anauumiza. Mdudu mzima hupanda usiku kwenye kilele, anapenya kwenye kilifu, ule wavu wa nyuzi kwenye mashina ya makuti, na kutoboa makuti machanga ambayo bado hayajafunguka, akifuata utomvu. Kuti likija kufunguka wiki kadhaa baadaye, linatoka limekatwa pembe kama mtu kapitisha mkasi. Mnazi mkubwa unavumilia. Mchanga, tundu likifika kwenye shaha, yaani moyo wa mnazi, unakufa, kwa sababu mnazi hauna chipukizi jingine la kuanzia.

Kwa hiyo buu uliyemthibitisha kuwa wa chonga mpe kuku, watamgombania. Chonga anachukua takriban miezi mitano kutoka yai hadi kuruka, na mingi kati ya hiyo anaimaliza akiwa buu. Ukigeuza jaa lote mpaka chini kila baada ya miezi miwili, huwapi nafasi ya kukomaa. Ukingoja nusu mwaka utakuta wameshatoka, umebaki kulaumu mnazi. Pengine kiwanda chao si jaa lako hata kidogo. Kagua lile gogo la mnazi ulioangushwa nyuma ya banda. Likishaanza kulainika, lipige kwa kisigino cha shoka: likitoa sauti ya kibuyu kitupu wamo ndani. Lipasue vipande, vianike vikauke, uvichome. Kisiki kikate sawasawa na ardhi, ukifukie kwa udongo wa kina cha sentimita 30 au zaidi.

Kwenye minazi yenyewe tazama kila wiki wakati wa mvua. Tundu la zamani ni kavu na jeusi ndani. Tundu jipya linachungulia nyuzi zilizotafunwa, mbichi, kama makapi ya muwa. Hapo mwenyewe yumo. Chukua spoki ya baiskeli, ipinde ncha kidogo kama ndoana ya samaki mdogo, ipitishe taratibu ukifuata njia aliyochimba. Ukigusa kitu kigumu chenye kusogea, zungusha spoki nusu mzunguko uvute. Usisukume kwa hasira, maana ukimkosa unaweza kulidunga shaha wewe mwenyewe, na hapo umemsaidia kazi. Ukishamtoa, jaza tundu kwa mchanga uliochanganywa na majivu. Kuzuia wengine, changanya mchanga makopo mawili na unga wa mbegu za mwarubaini kopo moja, tia konzi kwenye makwapa ya makuti matatu ya ndani, urudie kila mwezi mpaka mvua zikatike. Mchanga wa pwani ukaushe na kuusuuza kwanza, chumvi isije ikaunguza kuti changa.

Umeona, mkubwa anakuogopesha na kazi yake yote ni makuti. Katika misitu ya Uganda na Kongo kuna Goliathi, mdudu anayefikia sentimita 10, naye anakula utomvu wa miti na matunda yaliyoiva. Wa kumkataza Juma ni wadogo.

Wa kwanza ni yule mwembamba mwekundu na mweusi, chini ya sentimita moja, anafanana na sungusungu. Wakenya wanamwita Nairobi fly ingawa si nzi. Haumi wala hadungi. Sumu iko ndani ya mwili wake, na inatoka ukimponda. Akitua shingoni mpulize, au mpe karatasi apande. Ukishamponda, osha mahali hapo mara moja kwa sabuni na maji mengi, na usiguse jicho, kwa sababu ngozi haionyeshi kitu mpaka siku ya pili ndipo malengelenge yatoke. Huyu ndiye aliyenifanya niseme wavu wa matundu madogo. Kabla ya kulala wakati wa mvua kung'uta shuka na chandarua.

Wa pili anakaa mchana kwenye maua ya bamia na kunde: mweusi mwenye mikanda ya manjano au myekundu, mwili laini kidogo, haharakishi. Akishikwa anatoa majimaji yanayobabua. Mwokote kwa glovu au mkung'uteni kwenye ndoo ya maji ya sabuni, na usiwape kuku wala mbuzi.

Halafu yuko mmoja ambaye si mdogo: mweusi mwenye madoa meupe au ya manjano mgongoni, miguu mirefu, anakimbia chini na haruki. Anarusha tindikali kutoka nyuma, inafika hatua nzima ya mtoto, na ikiingia jichoni inachoma sana. Akimpata mtu, jicho lisafishwe kwa maji safi yanayotiririka si chini ya robo saa, kisha zahanati. Lakini usimwue, anakula viwavi. Mwambie tu Juma kwamba mweusi wa madoa anaangaliwa kwa kusimama.

Nitumie picha ya buu mmoja juu ya sinia, uipige kutoka juu ili nione kichwa na miguu. Na nihesabie matundu mabichi kwenye kila mnazi, mmoja mmoja, usinipe jumla. Spoki nimemwomba baba yako azinoe tatu, atampa dereva wa basi la Ijumaa.

Msalimie mumeo na majirani.

Mama yako.